Rangi na Mlipaji: Vipindi Vikuu vya Sanaa ya Magharibi

Sanaa inayoitwa ya Magharibi ilianzia Ugiriki na Roma ya kale, ikalelewa na Kanisa kwa zaidi ya miaka elfu moja, ikahamia katika majumba ya wafalme na wafanyabiashara wa Ulaya, na katika karne ya 20 ikavuka Atlantiki hadi New York. Vitabu huigawa kwa vipindi: urasimi, zama za kati, Renesansi, Baroko, ulimbwende, uhalisia, usasa. Mgawanyo huo unasaidia kukumbuka, ila hauelezi kwa nini kipindi kimoja kilikipisha kingine. Anayefuatilia sababu hukuta mara nyingi kwamba mambo mawili yalitangulia kubadilika: mtu anayelipia kazi, na vitu ambavyo fundi anafanyia kazi. Vipaji havikukosekana wakati wowote.

Wachongaji wa Ugiriki wa karne ya 7 na ya 6 KK walijifunza mengi kutoka Misri. Sanamu zao za vijana wa kiume zimesimama wima, mikono imebanwa ubavuni, mguu wa kushoto umetangulia, na uzito umegawanyika sawa kwenye miguu yote miwili. Karibu na mwaka 480 KK likatokea jambo dogo lenye athari kubwa. Katika sanamu ya marumaru iliyofukuliwa Akropoli ya Athens, inayojulikana kama Mvulana wa Kritios, uzito wa mwili umehamia mguu mmoja. Nyonga ya upande huo imepanda, goti la upande wa pili limelegea, na kichwa kimegeuka kidogo. Jiwe likaanza kuonekana lina pumzi. Baadaye Polykleitos aliweka kanuni ya uwiano wa viungo, na Pheidias akasimamia uchongaji wa Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya 447 na 432 KK. Mlipaji hapo alikuwa mji wenyewe. Athens ilichota hazina yake, pamoja na fedha ambazo miji washirika ilichanga kwa ajili ya ulinzi dhidi ya Waajemi, na wapinzani wa kiongozi wake, Pericles, hawakuacha kumlalamikia kwa hilo.

Sehemu kubwa ya kazi hizo imepotea. Sanamu zilizosifiwa zaidi zilikuwa za shaba nyeusi, na shaba huyeyushwa kila vita vinapohitaji silaha. Zilizosalimika ni chache, nyingine kwa sababu tu zilizama, kama zile mbili za Riace zilizoopolewa kwenye bahari ya kusini mwa Italia mwaka 1972. Nyingi zinajulikana kwa nakala za marumaru zilizotengenezwa na Warumi. Marumaru nayo yalipakwa rangi nyekundu, buluu na nyinginezo. Mvua na karne zikazifuta, na Ulaya ya baadaye ikaamini kwamba weupe mtupu ndio usafi wa Ugiriki. Kosa hilo lilizaa sana. Sanamu nyeupe zilizosimamishwa mbele ya majengo ya serikali kutoka Paris hadi Washington zinaiga kitu ambacho Wagiriki hawakukijua.

Warumi waliongeza sura za watu halisi, pamoja na makunyanzi na vipara vyao. Kuta za nyumba zao zilizochorwa zimehifadhiwa na majivu ya Vesuvius yaliyoifukia Pompeii mwaka 79. Huko Fayum, Misri, wachoraji wa enzi ya Kirumi walichora nyuso za watu kwenye vibao, wengi wakitumia nta iliyochanganywa na rangi, na vibao hivyo vikafungwa kwenye maiti zilizokaushwa. Macho yao makubwa bado yanang'aa.

Baada ya mwaka 313, Konstantino alipouhalalisha Ukristo, mlipaji alibadilika na shabaha ya picha ikabadilika naye. Picha haikutakiwa tena kuufuata mwili. Ilitakiwa kumfundisha asiyejua kusoma na kumsimamisha mwamini mbele ya utakatifu. Katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, mfalme Justiniani na maafisa wake wamepangwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu. Nyayo zao kama hazigusi ardhi, na nyuma yao hakuna chumba wala anga, dhahabu tu. Wapo waliodhani kwamba mafundi wale walisahau kuchora. Kumbe walikuwa wanachora mahali pasipo kivuli. Vipande vile vilipachikwa kwa kuinamishwa kidogo, kila kimoja kwa namna yake, ili mwanga wa mishumaa uchezecheze juu yake. Uhalali wa picha zenyewe ulibishaniwa vikali huko Bizanti, dola ya Roma ya mashariki, na kati ya 726 na 843 nyingi zilivunjwa au kufutwa.

Upande wa magharibi, wajenzi wa karne ya 12 walipata njia ya kuupeleka uzito wa dari kwenye nguzo na mihimili ya nje, na ukuta ukaachwa huru. Abati Suger alionyesha faida yake katika kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, ambako sehemu ya altare ilizinduliwa mwaka 1144: palipokuwa na mawe pakawekwa vioo vya rangi. Kanisa kuu la Chartres, lililojengwa upya baada ya moto wa 1194, lina madirisha yanayoonyesha, pamoja na watakatifu, waoka mikate, wachinjaji na washona viatu wakiwa kazini. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuingia kwenye picha.

Walipoingia hasa ni Italia, na walioingia kwanza ni wenye fedha. Enrico Scrovegni wa Padova alikuwa mtoto wa mkopesha riba mashuhuri, Reginaldo, ambaye Dante alimweka motoni katika shairi lake. Enrico akajenga kanisa dogo, likawekwa wakfu mwaka 1305, na akamwita Giotto achore kuta zote. Giotto aliwarudishia watu uzito. Katika picha ya maombolezo juu ya mwili wa Kristo, wanawake wawili wamekaa chini, wamempa mgongo mtazamaji, na nyuso zao hazionekani kabisa. Katika picha za Bizanti mgongo wa namna hiyo haukuwa na kazi. Hapa unamweka mtazamaji katika mduara wa wafiwa, kwa kuwa ni mgongo ambao yeyote aliyefika msibani nyuma ya wenzake angeuona.

Namna ya kuchora ilikuwa fresko, na sheria zake ni kali. Ukuta hupigwa lipu ya kwanza ikakauka. Kisha kila asubuhi fundi hupiga lipu laini ya chokaa na mchanga, sehemu ile tu ambayo mchoraji ataweza kuimaliza siku hiyo. Rangi iliyosagwa huchanganywa na maji matupu na kupakwa wakati lipu ni mbichi. Chokaa inapokauka hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, nayo rangi hufungiwa humo. Hakuna kufuta. Aliyekosea hubandua lipu na kuanza upya kesho yake. Mstari mwembamba kati ya kazi ya siku moja na ya siku iliyofuata bado unaonekana ukuta ukimulikwa kwa pembeni, na wataalamu wanaweza kuhesabu uso mmoja ulichukua siku ngapi. Rangi moja ilileta shida: buluu bora haikufaa kupakwa kwenye chokaa mbichi. Ilibidi ingoje ukuta ukauke, ibandikwe kwa gundi, na ndiyo maana katika makanisa mengi ya Italia mavazi ya buluu yamebanduka na mengine yote yamebaki.

Buluu hiyo ilitokana na jiwe la lapislazuli lililochimbwa Badakhshan, kwenye milima ya Afghanistan, likafika Venice kupitia mikono ya wafanyabiashara wengi. Bei yake ilitisha. Mwaka 1485 mchoraji Domenico Ghirlandaio aliandikiana mkataba na mkuu wa nyumba ya kulelea watoto yatima huko Florence kwa ajili ya picha ya Mamajusi. Mkataba unataja malipo ya florini 115 na muda wa miezi 30, na unasisitiza kwamba buluu iwe ya thamani ya florini 4 hivi kwa aunsi. Kipaji cha Ghirlandaio hakikuandikiwa kifungu kirefu kama buluu. Mteja wa wakati huo alinunua vitu kwa uzito, na mchoraji alihesabiwa pamoja na mafundi wengine wa mjini.

Hadhi yake ilipanda kwa njia ya hesabu. Filippo Brunelleschi, aliyejenga kuba la kanisa kuu la Florence, alionyesha kwa vipimo kwamba mistari inayokwenda mbali na mtazamaji hukutana kwenye nukta moja. Karibu na mwaka 1427 Masaccio alitumia kanuni hiyo katika kanisa la Santa Maria Novella, akachora Utatu Mtakatifu chini ya dari ya tao, na ukuta tambarare ukaonekana umetobolewa. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliiandikia kitabu. Tangu hapo mchoraji aliweza kudai kwamba kazi yake ni elimu, akapata mahali pa kukaa karibu na wanahesabu na washairi.

Kaskazini, katika miji ya vitambaa ya Flanders, ukweli ulifuatwa kwa njia nyingine. Jan van Eyck hakuvumbua rangi ya mafuta, kama ilivyosimuliwa kwa muda mrefu, lakini aliifikisha mahali ambapo wengi hawakufika tena. Mafuta ya mbegu za kitani hukauka polepole. Yanaruhusu tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na mwanga hupenya yote hadi kwenye weupe wa chini na kurudi. Picha yake ya mwaka 1434 ya mfanyabiashara Mwitalia aitwaye Arnolfini na mwanamke aliyemshika mkono ina kimo cha sentimita 82 tu. Humo mna manyoya ya mbwa, machungwa kwenye kizingiti cha dirisha na mshumaa mmoja unaowaka mchana. Kwenye ukuta wa nyuma kuna kioo cha mviringo kinachoonyesha chumba kizima kwa upande wa pili, pamoja na watu wawili wanaoingia mlangoni, na fremu yake ina vipicha kumi vya mateso ya Kristo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Juu ya kioo mchoraji ameandika kwa Kilatini kwamba alikuwa hapo.

Leonardo da Vinci alitaka uhuru wa mafuta kwenye ukuta. Alipochora Karamu ya Mwisho huko Milano, kati ya 1495 na 1498, aliikwepa fresko kwa sababu haikumruhusu kufikiri polepole, akachora juu ya ukuta mkavu. Katika uhai wa watu waliomfahamu picha ilianza kubanduka, na ukarabati wa mwisho, uliokwisha 1999, ulichukua zaidi ya miaka 20. Michelangelo, aliyejiita mchongaji na kusukumwa na Papa Julius II kuchora dari la kanisa la Sistine, alifuata sheria ya chokaa kuanzia 1508 hadi 1512, na dari lake lipo. Alifanya kazi akiwa amesimama, shingo imepinda nyuma; hadithi kwamba alilala chali ni ya wasimuliaji.

Venice haikuwa na bahati na fresko, maana unyevu wa bahari huila lipu. Ilikuwa na vitambaa vizito vya kitani vilivyoshonwa tanga za meli. Wachoraji wake wakahamia kwenye kanvasi, na hilo lilibadilisha biashara nzima. Ukuta hauhami. Kanvasi hukunjwa na kupakiwa merikebuni, na Titian aliweza kukaa Venice huku picha zake zikipelekwa kwa mfalme Philip II wa Hispania. Mchoraji akaanza kuwa na wateja wa mbali.

Matengenezo ya Kiprotestanti yaliyoanza mwaka 1517 yaliigawa Ulaya kwa namna inayoonekana hadi leo kwenye makumbusho. Mwaka 1566 makundi ya watu katika Nchi za Chini yalivunja sanamu makanisani. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, lilithibitisha matumizi ya picha katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563, likataka ziwe wazi na za kugusa moyo. Baroko ilizaliwa hapo. Caravaggio, katika picha ya kuitwa kwa Mathayo aliyoichora Roma mwaka 1599 na 1600, aliwaweka watoza ushuru mezani kama wacheza kamari wa mtaani, na mwanga ukaingia kutoka ubavuni pamoja na mkono wa Kristo. Bernini aliyafanya marumaru yaonekane kama kitambaa kinachopepea. Huko Hispania, Velázquez alichora mwaka 1656 picha ya binti mfalme na wajakazi wake, naye mwenyewe akiwa ndani yake, brashi mkononi, akimtazama anayetazama.

Uholanzi ya Kiprotestanti haikuwa na makanisa ya kupamba wala mfalme wa kutukuzwa. Ilikuwa na wafanyabiashara wenye sebule, na picha zikauzwa sokoni kama bidhaa nyingine: mandhari, bahari, mezani, jikoni. Kila mchoraji akashika fani yake, huyu meli, yule maua. Wanamgambo wa Amsterdam waliochorwa na Rembrandt mwaka 1642, katika picha inayoitwa Ulinzi wa Usiku, walilipa kila mmoja takriban gilda 100, na majina yao 18 yameandikwa kwenye ngao. Mwaka 1715 picha ilipohamishiwa ukumbi wa mji ilikatwa pande zote ili ienee ukutani. Soko lina uhuru wake na ukatili wake: Rembrandt alitangazwa kufilisika mwaka 1656, na Vermeer alikufa na madeni.

Karne ya 18 huko Ufaransa ilianza na wepesi wa Rokoko, bembea na hariri za makabaila, ikaisha na mapinduzi. Jacques-Louis David alirudisha urasimi, mistari mikavu na viapo vya Kirumi, akawachorea wanamapinduzi mashujaa wao kabla ya kumchorea Napoleon taji. Tarehe 10 Agosti 1793 jumba la wafalme la Louvre lilifunguliwa kwa umma kama makumbusho. Tangu hapo ikawezekana kuchora kwa ajili ya ukumbi ambao si wa mtu.

Théodore Géricault alifanya hivyo. Mwaka 1816 meli ya Medusa, ikielekea Senegal, ilikwama pwani ya Mauritania kwa uzembe wa nahodha aliyepewa cheo kwa upendeleo. Watu wapatao 147 walipakiwa kwenye chelezo na kuachwa. Baada ya siku 13 walipatikana hai 15. Hakuna aliyemwagiza Géricault kuchora aibu hiyo. Aliwahoji walionusurika, akachora vipande vya maiti kutoka hospitali, kisha akatandaza mkasa huo kwenye kanvasi yenye upana wa zaidi ya mita 7, ukubwa uliokuwa wa wafalme na watakatifu. Juu kabisa ya rundo la watu, anayepunga kitambaa kuelekea meli ya mbali ni mtu mweusi. Picha ilionyeshwa Paris mwaka 1819, ikabishaniwa, mwaka uliofuata ikapelekwa London na watu wakalipa kiingilio kuiona. Louvre waliinunua baada ya mchoraji kufa. Lami aliyoitumia kupata weusi mzito inaendelea kuitia giza. Katika ulimbwende wote, pamoja na tufani za Turner na Uhuru wa Delacroix wa mwaka 1830, hakuna kazi inayoonyesha wazi kama hii msanii anayejituma mwenyewe.

Courbet alilisukuma jambo hilo mbele kwa uhalisia wake, akawachora wavunja kokoto na mazishi ya kijijini kwa ukubwa uleule. Wakati huohuo maabara zilikuwa zinafanya kazi yao. Mwaka 1828 Mfaransa Guimet alipata zawadi ya faranga 6,000 kwa kutengeneza kiwandani buluu iliyolingana na ile ya Badakhshan. Buluu ya mavazi ya Bikira Maria ikashuka bei. Mwaka 1839 kamera ya Daguerre ilitangazwa, na kazi ya kunakili sura ikapata mshindani. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya kifuko cha bati laini chenye kifuniko, kama cha dawa ya meno. Hapo awali rangi ilisagwa karakanani na kuwekwa kwenye kibofu cha nguruwe, ambacho kikitobolewa hakifungiki vizuri. Sasa mchoraji aliweza kutia rangi zote mkobani, akapanda treni hadi mtoni na kumaliza picha akiwa juani.

Aprili 1874 wachoraji 30 hivi, waliochoshwa na kamati ya maonyesho ya serikali, walijipangia maonyesho yao katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar. Monet alipeleka picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, aliyoiita hisia ya mara moja ya macheo, na mwandishi mmoja wa gazeti akalifanya jina hilo kuwa kejeli kwa kundi zima: waimpreshonisti. Mchuuzi wa picha Paul Durand-Ruel aliwanunulia kazi zao kwa miaka mingi ya hasara hadi alipozipeleka New York mwaka 1886, ambako matajiri wapya wa Marekani walikuwa na kuta tupu. Mchuuzi akachukua nafasi ya askofu na mfalme. Van Gogh, Gauguin na Cézanne wakafuata, kila mmoja akiivunja picha kwa njia yake.

Kilichoivunja zaidi kilitoka Afrika, na hakikuja kwa hiari. Ukoloni wa mwisho wa karne ya 19 ulijaza makumbusho ya Ulaya vinyago na sanamu. Shaba za Benin pekee ziliporwa kwa maelfu na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Mwaka 1906 Matisse alinunua Paris kisanamu cha Wavili wa Kongo, akamwonyesha Picasso. Mwaka uliofuata Picasso alitembelea makumbusho ya Trocadéro, na katika picha yake ya wanawake watano wa Avignon nyuso mbili za kulia zikapata mikato ya barakoa. Yeye na Braque wakaendelea hadi ukubisti, unaoonyesha kitu kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Majina ya wachongaji wa Kiafrika waliowaonyesha njia hayakuandikwa popote kwenye rejista za makumbusho, na hilo ni deni ambalo historia ya usasa bado inalo.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1915 Malevich alionyesha mraba mweusi mtupu. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka beseni la kukojolea kwenye maonyesho ya New York yaliyoahidi kumpokea yeyote aliyelipa ada ya dola 6, na halikuonyeshwa. Mwaka 1937 Wanazi walifungua Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa ya kisasa, na mwaka huohuo Picasso akachora Guernica kwa ajili ya banda la serikali ya Hispania huko Paris. Wasanii wengi walikimbilia New York. Huko Jackson Pollock alitandaza kanvasi sakafuni na kuimwagia rangi za kupakia nyumba, na mwaka 1962 Andy Warhol akaonyesha picha 32 za mikebe ya supu, moja kwa kila ladha iliyouzwa dukani.

Tangu hapo kituo kimetawanyika. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, huchora kwa rangi ya mafuta, lakini badala ya kitani hutumia lubugo, kitambaa cha gome la mtuba ambacho Waganda hukipiga kwa nyundo za mbao na ambacho kimevisha wafalme na maiti zao. Alikikuta kikiuzwa kama kitu cha watalii sokoni Nairobi. Gome hilo lina matundu na mishono ambayo haifichiki, na Armitage hupanga watu wake kulingana nayo: tundu laweza kuangukia katikati ya uso, nao mshono ukawa mstari wa upeo wa macho.